Muuza vipodozi aliuliza kama uso wangu ni mkavu, mamangu akamjibu mengine

Wakuu, salamu zenu popote mlipo, wa bara na wa pwani.

Nimekuwa nikisoma nyuzi za humu za mambo ya ngozi kwa muda sasa bila kuchangia. Kila siku ni yale yale. Nipeni serum, nipeni sabuni, uso wangu una chunusi, nitumie nini. Na kila siku anatokea mtu anataja jina la kopo bila kumuuliza mwenzake ngozi yake ni ya aina gani.

Leo naleta la kwangu. Sina duka wala siuzi kitu. Ni jambo lililonipata mwenyewe, na chumvi sitaongeza kwa sababu ya kwake inatosha.

Ni miaka ya tisini mwanzoni, Magogoni, Kisauni. Mimi nilikuwa msichana wa cherehani, nashona kwenye duka moja la nguo pale Bombolulu. Nilikuwa nimeposwa na kijana wa Likoni, nitamwita Salim, fundi katika kiwanda kimoja Changamwe.

Nilimpenda. Naandika hilo mapema ili mjue nilikuwa na cha kupoteza, maana huko chini nitasimulia kama mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Ndivyo nilivyo, hata watoto wangu hulalamika.

Kwa vijana wasiojua: wakati ule hakukuwa na mambo ya routine. Sabuni ya kuogea ndiyo hiyo hiyo ya uso. Baada ya hapo ni mafuta ya nazi, au mafuta ya mgando kwa mwenye uwezo. Siku za sherehe tunapaka liwa, ule msandali unaosagwa ukachanganywa na marashi. Basi.

Mamangu alikuwa na sheria moja tu ya urembo: mtu hatoki nje bila mafuta. Tulipokuwa wadogo alikuwa akitushika kidevu mlangoni, mmoja mmoja, anatukagua. Ngozi iliyopauka, kwake, ilikuwa ni ushahidi kwamba mtoto hana mama. Hata nilipoanza kazi, niliendelea kukaguliwa.

Sasa harusi ikawa inakaribia, na mimi nikaanza kutoka chunusi kwenye paji la uso. Hazikuwa nyingi. Joto la Mombasa mnalijua, na mafuta ya mgando ni mazito, nafikiri vilikutana tu. Mimi sikujali sana. Mamangu ndiye aliyekosa usingizi.

Ndipo akaja Rhoda.

Rhoda alikuwa dada wa bara aliyepanga chumba Bombolulu. Wiki nzima alikuwa ofisini mjini, na Jumamosi alizunguka nyumba kwa nyumba na begi la vipodozi. Alikuwa mtu mzuri, na nalisema sasa hivi ili msije mkamshambulia kwenye comments. Tatizo ni kwamba Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, cha haraka, na chetu ni cha kukaa kitako kwanza.

Aliketi mkekani, akanywa chai, akapanga chupa zake mbele ya mamangu. Mimi nilikuwa nimekaa kando na mtandio wangu. Rhoda akainua chupa mbili, moja kila mkono, akauliza bila hata kunitazama:

"Sasa Mama, uso wa huyu msichana ni mkavu ama ni wa mafuta?"

Hapa, wakuu, lazima nisimame kidogo.

Kwetu pwani mtu mwenye uso mkavu hana shida ya ngozi. Ana shida ya tabia. Ni yule asiye na haya, anayekukosea kisha anakukodolea macho kama wewe ndiye uliyekosa. Mkavu wa uso, mkavu wa macho, ni tusi. Na kwa msichana aliyeposwa, akiulizwa mamake, mkekani kwake, tena juu ya chai yake, ni tusi la kutosha kumfukuza mgeni.

Rhoda hakuwa na habari. Alikuwa anatafsiri tu dry skin na oily skin kutoka kwenye karatasi ya maelezo.

Mamangu akaweka kikombe chini.

"Mwanangu si mkavu wa uso," akasema. "Mwanangu ana haya zake. Uliza mtaa mzima."

Rhoda akafurahi, kwa sababu kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

"Kwa hivyo ni wa mafuta."

"Wa mafuta. Tangu alipozaliwa, mafuta hayajapata kukauka usoni mwake."

Na hilo lilikuwa kweli tupu. Alikuwa akinipaka yeye mwenyewe.

Mtaniuliza, wewe ulikuwa wapi, si uso ni wako? Nilikuwa pale pale. Lakini kwanza, msichana aliyeposwa haruki mbele ya mamake kujisemea. Pili, na hili ndilo kubwa, hata mimi nililisikia lile swali vile vile alivyolisikia yeye. Moyoni nilikuwa najiuliza huyu dada ana nini na mimi. Ningepewa nafasi ya kujibu, ningejibu hivyo hivyo.

Basi tukauziwa vitu vya ngozi ya mafuta. Sabuni kali ya kukausha. Chupa ya maji ya kupangusia uso, siku hizi mnaita toner, yenye harufu ya spiriti ile ya hospitali kabla ya sindano. Na krimu nyepesi ambayo Rhoda aliisifu kwamba haina hata tone la mafuta. Sharti lilikuwa moja: usoni nisipake mafuta mengine yoyote.

Mamangu lile sharti lilimkaa vibaya. Lakini kopo lilikuwa zuri, na maelezo yalikuwa ya Kizungu, akakubali.

Nisiwe mwongo, mwanzoni chunusi zilikauka. Nilijitazama kwenye kioo cha duka la nguo nikaona paji la uso limetulia. Mamangu akamsifu Rhoda kwa kila aliyepita.

Kisha uso ukaanza kubana. Baada ya kuosha nilihisi kama nimevaa uso wa mtoto mdogo. Nikicheka, pembe za mdomo zinauma. Nikipiga mwayo, zinachanika. Halafu ngozi ikaanza kutoka magamba puani, kisha mashavuni. Kila gamba likidondoka linaacha baka jeupe jeupe, na pembeni mwa baka pekundu.

Mimi ni mweusi wa kutosha. Mabaka yalionekana kutoka barabarani.

Nilimwambia mamangu kwamba inawasha na inachoma. Akamsubiri Rhoda Jumamosi akamuuliza. Rhoda alikuwa na haraka, akajibu akiwa amesimama mlangoni kwamba ni uchafu unatoka, tuendelee. Mamangu akanigeukia akasema mvumilivu hula mbivu. Nikaongeza bidii, nikawa naosha na mchana pia.

Kosa hilo nawaona mnalifanya mpaka leo. Kitu kinakuchoma, unaongeza.

Sasa nije kwenye sanduku.

Kwa wageni wa mila zetu: upande wa bwana harusi huleta sanduku la bibi harusi. Ndani mna leso, nguo, viatu, manukato, udi, kila kitu. Huletwa na wanawake, kwa heshima na vigelegele, na linapoingia ndani mtaa mzima unajua kwamba jambo limekamilika. Siku hiyo bibi harusi huitwa kidogo, anawaamkia wakubwa, anawabusu mikono, anarudi chumbani.

Waliokuja walikuwa wanawake wa Likoni, watu wa mashamba yao tangu enzi, wamevaa wamependeza. Mbele yao alikuwa mamake Salim, Bi Mwanakombo. Alikuwa mama mrefu, mtaratibu, asiyesema sana. Sanduku likaingia, likawekwa katikati ya chumba.

Nikaitwa. Nikatoka, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Bi Mwanakombo akanipa mkono, nikaubusu, nikainua uso.

Hakuna aliyesema kitu kibaya. Mmoja alikohoa. Mwingine akaanza kumuuliza mamangu habari za mvua.

Jambo walilofikiri ni moja tu, na mtu yeyote angelifikiri: kwamba najichubua. Miaka ile krimu za kuchubua zilikuwa zimeingia kwa wingi, na mabaka yangu yalifanana na ya wale waliojichubua. Bi Mwanakombo alikuwa mcha Mungu, kubadilisha rangi aliyopewa mtu na Mola wake kwake si mchezo. Isitoshe, nilikuja kujua baadaye, alikuwa na mkaza mwana mmoja, yaani mke wa mwanawe, aliyejichubua mpaka akawa hawezi kusimama juani kuanika nguo.

Walikunywa, wakala, wakashukuru. Walipoinuka, Bi Mwanakombo akamwambia mamangu kwa upole kabisa:

"Sanduku hili twende nalo kidogo, bibi. Kuna kitu twaona tumesahau kutia. Inshallah tutalileta."

Na wakalibeba wakatoka nalo.

Wapwani mmeshaelewa. Kwa wengine nitafsiri: hapo nimeachwa kabla ya kuolewa. Hakuna aliyegomba wala aliyeinua sauti. Na mtaa uliokuwa umepiga vigelegele sanduku likiingia uliliona pia likitoka.

Nilirudi chumbani nikalia. Sikulia kwa ajili ya uso. Nililia kwa sababu msichana ambaye sanduku lake limerudi lilikotoka hapewi maelezo, na haulizwi. Wanaume wengine wakija wataambiwa, na Salim ataozwa kwingine, na mimi nitabaki nashona magauni ya harusi za wenzangu. Salim mwenyewe alikuwa kazini Changamwe, hana habari, na kwa utaratibu wa siku zile hakuna aliyeona haja ya kumuuliza.

Naendelea, wakuu. Nilikuwa nimekwenda jikoni kupalia wali makaa.

Kesho yake mamangu alijifunga leso, akanishika mkono, tukaenda Bombolulu chumbani kwa Rhoda. Alikuwa ameviweka vile vikopo vyote kwenye mfuko. Njia nzima hakusema neno, na mamangu akinyamaza ni heri agombe.

Rhoda alitufungulia. Aliponiona alishtuka kweli kweli, nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama. Akanivuta dirishani, akanishika shavu, akalipapasa kwa vidole.

"Lakini Mama, hii ngozi ni kavu. Ni kavu kabisa."

"Wamtukana mwanangu mbele yangu, tena mara ya pili?"

"Simtukani. Nasema kavu, yaani ngozi yenyewe haitoi mafuta. Mimi niliuliza, mkaniambia ni ya mafuta."

"Yatoa mafuta? Ngozi yatoa mafuta vipi, ni nazi?"

Rhoda akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye. Akatueleza polepole, kwa mara ya kwanza polepole, kwamba kuna watu ngozi yao hutoa mafuta yenyewe hata wakilala bila kupaka kitu. Hao ndio wenye ngozi ya mafuta. Na kuna ambao haitoi, wasipopaka hupauka. Hao ndio wenye ngozi kavu. Akatuambia nilale bila kupaka kitu, na asubuhi kabla ya kunawa nijibandike karatasi nyembamba, ile ya ndani ya pakiti ya sigara, kwenye paji la uso na mashavuni. Ikilowa mafuta, basi ngozi ni ya mafuta. Ikitoka kama ilivyoingia, ngozi ni kavu.

Kisha akasema kitu kilichonifanya nimheshimu. Akasema, "Ningekushika uso siku ile, tusingefika hapa." Akavichukua vikopo vyake.

Tulifanya lile jaribio. Karatasi ilitoka safi kama ilivyokuwa. Mamangu aliigeuza geuza kwenye mwanga, akaikunja, akaitupa.

Akakaa jikoni muda mrefu. Halafu akaniambia nivae buibui.

Hapa tena niwaeleze. Msichana hakanyagi kwao mchumba kabla ya harusi. Anayekwenda mwenyewe, mchana, bila kuitwa, ndiye hasa huyo mkavu wa uso tunayemsema. Nilimkumbusha mamangu. Akasema anajua.

Tukavuka hadi Likoni. Nilikuwa nimejifunika mtandio mpaka puani. Bi Mwanakombo alikuwa kwenye baraza ya ndani na wanawake wawili watatu wa nyumba ile, wanachambua mchele. Walitupokea vizuri, maana mgeni ni mgeni. Salamu zikaenda, zikarudi, za wazee, za watoto, za wagonjwa. Macho yote yalikuwa kwangu.

"Umemleta mwenyewe?" akauliza Bi Mwanakombo mwishowe.

"N'memleta umwone kwenye mwangaza. Kisha n'na neno, nikishasema twaondoka."

Mamangu akanifungua mtandio kwa mikono yake. Nilikuwa nikimjua mamangu tangu nizaliwe na sikuwahi kumwona akitafuta maneno.

"Bi Mwanakombo," akasema, "mwanangu uso wake mkavu."

Mikono ikasimama kwenye sinia za mchele. Mmoja wa wale wanawake akasema astaghfirullah. Mwenyewe Bi Mwanakombo akamtazama mamangu kama mtu aliyesikia vibaya.

"Wamnenaje mwanao hivyo, tena ukweni kwake?"

"Ni mkavu wa ngozi. Hana mafuta yake mwenyewe, yote unayoyaona siku zote ni ya kupakwa. Mwuzaji aliniuliza, nikaona yuwanitukania mwana, nikamjibu kwa hasira kwamba ni wa mafuta. Akanipa dawa ya wenye mafuta. Ndiyo iliyomuunguza. Wallahi mwanangu hajichubui. Lililomfanya hivi ni jibu langu."

Bi Mwanakombo akaniita karibu. Akaniinamisha kichwa, akaninusa shavu, maana krimu za kuchubua zina harufu yake na nyumba ile waliijua. Akanitazama nyuma ya masikio na kwenye viungo vya vidole, kule ambako anayejichubua huwa hawezi kujificha. Kote nilikuwa rangi yangu ile ile.

Kisha akamgeukia mamangu, na usoni hana dalili yoyote ya mzaha.

"Nami n'na swali. Huyo aliyekuwa na ngozi ya mafuta, wewe ulikuwa ukimpaka mafuta ya nini?"

Miaka yote ile ya kutukagua mlangoni, hilo halikuwahi kumjia mamangu.

Bi Mwanakombo akavuta leso yake, akajipangusa shavu mpaka mafuta yakatoka, akaligeuza upande wetu. Lilikuwa limepauka kama langu.

"Hata mimi mkavu," akasema. "Basi mkwe mkavu na mkaza mwana mkavu, tutagombana vizuri."

Wale wanawake wakaangua kicheko, mchele ukamwagika. Mamangu naye akacheka, na machozi yakamtoka, na hakujifuta. Mimi nilikuwa nimeinama, nalia. Mkavu wa uso gani anayelia vile mbele ya wakwe, sijui.

Sanduku lilirudi. Harusi ilisogezwa mbele kidogo ili uso upone, na mtaani wakaambiwa kweli kuna kitu kilikuwa kimesahauliwa. Salim nilimweleza mwenyewe baada ya ndoa, akasema yeye aliambiwa tu kwamba sanduku lilikuwa na kufuli mbovu.

Uso ulipona kwa vitu vya kawaida kabisa. Niliacha sabuni usoni, nikanawa kwa maji matupu. Kabla uso haujakauka napaka glisirini iliyochanganywa na marashi mawaridi, na usiku mafuta ya nazi kidogo. Chunusi zilirudi mbili tatu, tukazoeana.

Sasa nililojifunza, kwa kuwa najua wengine mmeruka mpaka hapa chini.

Kung'aa si ngozi ya mafuta. Unaweza kung'aa kwa kopo. Lala uso mtupu, asubuhi jaribu karatasi, ndipo uende dukani. Wako wenye mafuta katikati na ukavu mashavuni, nao wajijue. Kitu kipya kijaribu kwanza nyuma ya sikio, usianze na uso wa harusi. Kikikuchoma, acha, usisubiri mbivu. Anayekuuzia bila kukutazama, mpe chai aende zake. Na mabaka yasipopona, nenda kwa daktari wa ngozi, msije mkanitumia picha inbox, mimi ni fundi cherehani.

Jingine si la ngozi. Mamangu aliishi miaka mingi baada ya hapo, na Bi Mwanakombo akawa rafiki yake mkubwa. Lakini lile neno, mkavu, sikumsikia akilitamka tena kunihusu. Akitaka kujua habari za uso wangu aliuliza tu, "Ngozi yako ile yaendeleaje?" Alilisema siku ile moja, nyumba ya watu, akijua fika linavyosikika. Mimi nina mabinti sasa, na nimewahi kujiuliza kama ningeweza kulitamka kwa ajili yao.

Haya, uwanja ni wenu. Semeni kwenu uso mkavu ni ngozi au ni tabia, na ninyi wenye duka mtuambie huwa mnauliza vipi.